Siri ya fedha za familia: nani aijue, na ihifadhiwe wapi?

Zamani mkulima wa Ipinda aliyeuza mpunga au kokoa alirudi nyumbani na noti zake. Wakubwa wa nyumba walijua zimewekwa wapi: katika sanduku la bati, chini ya godoro, au kwa mwenye duka aliyeaminiwa na mtaa mzima. Hatari iliyoogopwa ilikuwa moja, nayo ni mwizi wa usiku. Siku hizi kokoa ya Kyela huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na malipo ya mkulima hupitia benki. Mwalimu hupokea mshahara wake kwa njia hiyo hiyo, mwenye duka hulipwa kwa simu, na kijana aliyeko Mbeya au Dar es Salaam humtumia mama yake fedha za matumizi bila kupanda basi. Mzee huondoka ghalani mikono mitupu, na fedha zake zipo. Zipo ndani ya namba.

Fedha hizo si haba. Mwezi Machi 2024 bei ya kokoa katika soko la New York ilipita dola 10,000 za Marekani kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla yake, na bei za minada ya Kyela nazo zilipanda. Familia zilizozoea kuhesabu maelfu zikajikuta zinahesabu mamilioni. Lakini elimu ya kuzilinda namba hizo haikupanda kwa kasi ile ile, na hapo ndipo ilipo hoja ya makala hii.

Siri ya fedha ina hatari mbili zinazovutana. Ikijulikana na watu wengi, mali huibwa. Ikijulikana na mtu mmoja tu, kisha mtu huyo akarudi kwa Mola wake, mali hupotea kwa warithi: watoto hawajui baba alikuwa na akaunti benki gani, nani alimkopa, wala hisa zake za ushirika ni kiasi gani. Nyumba nyingi zimeziba tundu moja na kuliacha la pili wazi. Ziko ambazo namba ya siri ya baba inajulikana hadi kwa mtoto wa darasa la tano. Ziko pia ambazo mke wa miaka 20 ya ndoa hajui kama mumewe ana akiba au ana deni. Je, Muislamu anapaswa kufanyaje ili aepuke yote mawili?

Mlinzi na mjuzi

Katika Surat Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s.) anamwomba mfalme wa Misri amweke kuwa msimamizi wa hazina za nchi, na anataja sifa zake mbili: kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Wanazuoni wametufundisha kuzitazama sifa hizo zikiwa pamoja. Mwaminifu asiyejua kazi yake hupoteza mali kwa ujinga, na mjuzi asiye mwaminifu huipoteza kwa khiyana. Ghala la Misri lilihitaji mtu mwenye yote mawili, na akaunti ya mama mkulima wa Ipinda inahitaji vivyo hivyo.

Wengi wetu tuna sifa ya kwanza, Alhamdulillah. Tunajua mali ni amana na kwamba tutaulizwa tumeichuma wapi na tumeitumia katika nini. Iliyo pungufu ni sifa ya pili. Na kutegemea tu kwamba Allah (s.w.t.) atatuhifadhi, bila kufunga mlango, ni kuifahamu vibaya tawakkul. Kila mwanafunzi wa madrasa anakijua kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake na amtegemee Mungu, akaagizwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Tuone basi ngamia huyu wa leo anafungwaje.

Kompyuta ya nyumba nzima

Chukulia mfano wa nyumba moja ya kawaida. Mama ni mwalimu, baba ana duka la pembejeo. Wana kompyuta mpakato moja, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Mchana mama huandalia masomo yake humo, na jioni baba huingiza mauzo na madeni ya wateja. Usiku vijana hutazama filamu walizokopi kwa rafiki. Ndani ya mashine hiyo mna picha ya kitambulisho cha taifa, hati ya mshahara, taarifa ya benki ya miezi sita iliyochapishwa kwa ajili ya mkopo, na kivinjari cha intaneti ambacho kiliuliza siku moja kama kihifadhi nywila, na mtu akabonyeza ndiyo.

Katika nyumba hii hakuna mwovu. Hata hivyo sanduku la fedha limewekwa sebuleni, na kila apitaye analifungua akitafuta kitu kingine.

Hatua ya kwanza ni kumpa kila mtumiaji chumba chake ndani ya kompyuta. Mfumo wa Windows, kama mifumo mingine, unaruhusu akaunti kadhaa katika mashine moja, kila moja na nywila yake. Mzazi mmoja awe na akaunti ya msimamizi, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuingiza programu mpya. Watoto wapewe akaunti za kawaida. Kijana akiletewa mchezo wenye programu haramishi ndani yake, mashine itaomba nywila ya msimamizi kabla ya kuuingiza, na mzazi atapata nafasi ya kuuliza maswali. Tena mzazi mwenyewe asiishi ndani ya akaunti ya msimamizi siku zote. Aitumie pale inapohitajika tu, na kazi za kila siku azifanye katika akaunti ya kawaida.

Hatua ya pili inahusu kivinjari. Nywila iliyohifadhiwa humo huweza kusomwa na yeyote aliyekaa mbele ya mashine ikiwa akaunti imeachwa wazi. Nywila ya benki isihifadhiwe katika akaunti inayotumiwa na watu wengi, na kila ukimaliza shughuli zako za benki, toka kwa kubonyeza kitufe cha kutoka. Kufunga ukurasa tu hakutoshi.

Hatua ya tatu ni uhai wa mfumo wenyewe. Mtu anaponunua kompyuta iliyotumika, hajui mwenye nayo wa awali aliacha nini ndani. Ni vyema fundi aifute yote na kuingiza mfumo upya kabla taarifa yoyote ya familia haijaingia. Programu zilizovunjwa kufuli, ambazo mafundi wengi huzigawa bure, ziepukwe. Kwanza ni kutumia jasho la mtu bila idhini yake. Pili, ni njia inayopendwa na wezi kupitishia programu zinazorekodi kila herufi unayobonyeza, zikiwemo za nywila yako. Na wenye Windows 10 wajue kwamba kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi kama zamani. Ikiwa kompyuta yako inakubali toleo jipya, lipandishe. Ikiwa haikubali, iachwe kwa masomo na filamu, na mambo ya fedha yafanyike penginepo.

Faili lenyewe la madeni na akiba nalo lipewe kufuli. Programu za majedwali na za kuandikia barua zina uwezo wa kuliwekea faili nywila, hata atakayelikopi asiweze kulifungua. Kisha iwepo nakala rudufu katika diski ya nje inayotunzwa mahali pengine. Sisi tulio katika tambarare za Kyela tunajua maana ya mvua: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zikifurika kuelekea Ziwa Nyasa, maji hayabishi hodi. Kompyuta iliyolowa na mwizi aliyevunja mlango huacha hasara ile ile kwa asiye na nakala.

Steshenari na flashi

Wengi miongoni mwa wasomaji hawana kompyuta nyumbani. Kompyuta yao ni ile ya steshenari. Huko ndiko mzazi anakokwenda kumwombea mwanawe mkopo wa elimu ya juu, kushughulikia cheti cha kuzaliwa, kupata namba ya mlipa kodi, au kuchapisha taarifa ya benki. Kijana wa steshenari hutusaidia sana, na wengi wao ni waungwana. Lakini tazama anachobaki nacho tukishaondoka: barua pepe aliyotufungulia kwa nywila aliyoibuni yeye, picha ya kitambulisho chetu, jina la mama yetu, namba ya akaunti yetu na namba ya simu yetu. Mtu mwenye hayo yote amebakiza kidogo tu awe wewe.

Barua pepe ndiyo ya kuangaliwa kuliko vyote. Watu huidharau kwa kuwa hawaandikiani barua kwa njia hiyo, lakini ndiyo mama wa funguo. Ukisahau nywila ya huduma nyingine, kiungo cha kuweka mpya hutumwa katika barua pepe, kwa hiyo aliyeishika ameshika na milango iliyofungwa kwayo. Ukifunguliwa barua pepe steshenari, iandike nywila ile, nenda nyumbani, na ibadilishe siku hiyo hiyo kwa simu yako mwenyewe. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, yaani utaratibu ambao nywila pekee haitoshi, mpaka uweke na namba inayotumwa katika simu yako.

Kabla hujainuka kwenye kiti cha steshenari, hakikisha umetoka katika kila akaunti, na mwombe mhudumu kwa adabu afute picha za hati zako, azifute hata katika pipa la takataka la kompyuta. Kama ulifungua WhatsApp yako katika mashine ile ili uchapishe hati, fungua simu yako, tafuta sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na ukiondoe kile usichokimiliki. Usipofanya hivyo, mazungumzo yako yanaweza kuendelea kusomeka pale wakati wewe uko shambani.

Flashi nayo ina adabu zake. Iliyochomekwa katika mashine kumi za watu hurudi na uchafu wa mashine kumi. Wengi mmekwisha kuona faili zimetoweka na badala yake kukawa na alama za njia za mkato. Hiyo ni kazi ya virusi. Flashi ya steshenari iwe ya steshenari, isibebe hesabu za nyumba, na kila irudipo nyumbani ikaguliwe na programu ya kinga kabla ya kufunguliwa.

Wenye steshenari ambao ni ndugu zetu katika imani nao tuwakumbushe: hati ya mtu iliyobaki katika mashine yako ni amana. Katika Surat Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Karatasi hurejeshwa kwa mkono, na nakala iliyomo katika mashine hurejeshwa kwa kuifuta. Sheria ya nchi nayo imelisemea jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa lengo lililokusudiwa na azilinde, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko ya walioonewa.

Simu ndiyo sanduku

Kwa familia nyingi za vijijini, kompyuta ya nyumbani ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata, simu imekuwa pochi, kitabu cha hesabu na tawi la benki kwa wakati mmoja. Wezi walihamia huko mapema. Hakuna Mtanzania asiyewahi kupokea ujumbe wa mtu asiyemjua ukimwambia kwamba ile fedha aitume kwenye namba nyingine. Mtumaji hajui chochote kukuhusu. Ametupa nyavu ziwani akitarajia kwamba miongoni mwa maelfu, yuko mmoja ambaye dakika hiyo alikuwa anataka kumtumia mtu ada au kodi.

Mwenye taarifa zako ni wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa yeye hupiga simu akikutaja kwa jina, akataja benki yako, pengine na kiasi kilichoingia jana. Kisha hujifanya mhudumu na kukuomba namba ya siri au ile namba fupi iliyotumwa kwako kwa ujumbe. Hapa kanuni ni moja na haina udhuru: mhudumu wa kweli haihitaji namba yako ya siri. Mfumo wake unamruhusu kufanya kazi yake bila hiyo. Anayeiomba, hata awe na sauti tamu na akuamkie kwa salamu ya Kiislamu, mkatie simu.

Mama zetu watu wazima wana tatizo jingine, la macho na la kutojua kusoma. Wengine humpa wakala simu na namba ya siri pamoja ili amtolee fedha. Wakala akiwa mwaminifu leo, keshokutwa kibanda kile kitakuwa na mtu mwingine. Ni wajibu wa watoto kumfundisha mama kubonyeza namba zake nne mwenyewe, hata kama itachukua wiki nzima ya mazoezi. Aliyehifadhi Al-Fatiha na sura fupi kwa kusikiliza hashindwi na tarakimu nne. Na tarakimu hizo zisiwe mwaka wake wa kuzaliwa wala 1234.

Ujumbe wa kitapeli ukija, peleka namba iliyoutuma kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeitenga kwa kazi hiyo. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ukaikane, maana uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utabisha hodi kwako kwanza. Na kama fedha zimeshachukuliwa, piga mara moja huduma kwa wateja uombe muamala uzuiwe, badilisha namba ya siri, usiufute ujumbe wowote, na upeleke shauri polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo.

Kuna mlango mmoja ambao tunaufungua kwa mikono yetu wenyewe, nao ni programu za mikopo ya haraka. Programu hizo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu, na mkopaji mwenye shida hukubali bila kusoma. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha unamfikia shemeji, mwalimu mkuu na imamu wake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa Muislamu jambo hili ni zito mara mbili. Amejiingiza katika riba ambayo Qur'an imeitangazia vita, na ameziuza siri za watu waliomwamini kwa namba zao. Mwenye haja amwendee ndugu, au kikundi cha kuweka na kukopa kisicho na riba, kabla hajabonyeza kitufe hicho.

Mume, mke na watoto

Sasa turudi ndani ya nyumba, maana maswali magumu yako huko. Je, mume ana haki ya kujua namba ya siri ya mkewe? Uislamu umempa mwanamke mali yake mwenyewe: mahari yake, mirathi yake na jasho lake. Surat Nisaa, aya ya 32, inaeleza kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mwanamke anayelima kokoa yake au kuuza mchele wake hana wajibu wa kumkabidhi mumewe ufunguo wa akiba yake. Akipenda kumshirikisha, ni ihsani yake. Anayempokonya mkewe simu usiku na kupekua salio lake ameingia katika upelelezi ambao Surat Hujurat, aya ya 12, imeukataza. Mke naye asipekue simu ya mume kwa hoja kwamba ni wake. Kwa upande mwingine, mume ndiye mwenye wajibu wa matumizi ya nyumba, na wajibu huo hautekelezeki vizuri gizani. Mke ana haki ya kujua kama kuna chakula cha mwezi ujao na kama kuna deni linalokuja mlangoni.

Watoto nao wanafundishika. Surat Nur, aya ya 58, inawataka watoto ambao hawajabaleghe waombe idhini kabla ya kuingia kwa wazazi wao katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Mtoto aliyelelewa kwa adabu ya kubisha hodi kwenye chumba atakubali kirahisi kubisha hodi kwenye simu. Mzazi asimtume mtoto kutoa fedha kwa kumtajia namba ya siri barabarani, kisha amlaumu siku atakapoitumia. Na aya ya 6 ya Surat Nisaa inatuelekeza kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, tukiona wana busara tuwakabidhi mali zao, na tuweke mashahidi. Hiyo ni njia njema ya kumlea kila kijana: apewe kiasi kidogo katika simu yake, ajifunze kukilinda, ndipo aongezewe.

Walezi wa mayatima, na wahazini wa misikiti na madrasa, wana jukumu la ziada. Fedha isiyo yako isichanganywe na yako katika akaunti moja, na hesabu yake isikae katika kompyuta ya nyumbani bila nakala kwa mtu wa pili. Siku mhazini atakapougua ghafla, jamaa wa msikiti wasilazimike kumvumilia au kumshuku kwa sababu tu hesabu zimefungwa kwa nywila aliyoisahau.

Mwenye siri akifariki

Hapa tunafika kwenye tundu la pili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale nyusiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa na uko naye. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Dini hii iliwafundisha watu kuandika mali zao tangu zama ambazo wajuao kuandika walikuwa wachache. Sisi wenye kalamu, simu na kompyuta, udhuru wetu ni upi?

Kuna kosa ambalo hufanywa kwa nia njema. Baba humwambia mwanawe mkubwa namba zake za siri ili siku akifa fedha zisipotee. Baba anafariki, na usiku wa msiba kijana anahamisha salio lote. Pengine amekusudia gharama za mazishi, pengine hapana. Lakini tangu roho ilipotoka, mali ile si ya baba tena, wala si ya kijana peke yake. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki kina wenyewe waliotajwa katika Qur'an: mke, wazazi, watoto wa kiume na wa kike. Mjane aliyeko ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi si rahisi kwake kwenda kuhoji benki. Ndugu huanza kutazamana kwa jicho baya, na undugu wa miaka mingi huvunjika kwa tarakimu nne.

Ufumbuzi ni kutenganisha vitu viwili tunavyovichanganya: orodha ya mahali mali ilipo, na funguo za kuifungulia. Warithi hawahitaji funguo. Benki na kampuni za simu zina utaratibu wa kuwalipa kwa hati ya mahakama: familia hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama humteua, na akaunti hufunguliwa kwa hati hiyo bila nywila ya marehemu kujulikana. Kinachoshindikana kwa mahakama ni kuitafuta akaunti ambayo hakuna anayejua kwamba ipo.

Basi iandikwe orodha. Itaje jina la benki na tawi, namba za simu zenye fedha, chama cha ushirika na hisa zilizomo, kiwanja na hati yake iliko, watu wanaotudai na tunaowadai, na zaka ambayo haijatolewa. Namba ya siri isiwemo hata moja. Iandikwe kwa mkono, itiwe saini mbele ya mashahidi wawili waadilifu, iwekwe katika bahasha iliyofungwa, na nakala moja ikae kwa mtu wa amana nje ya nyumba. Kila mwaka, labda mwezi wa Ramadhani tunapohesabu zaka, irekebishwe. Orodha ya namna hiyo hata ikiibwa, mwizi hapati fedha, na ikisomwa baada ya kifo, hakuna yatima anayepunjwa kwa kutojua.

Mtume (s.a.w.) alipoondoka Makka kwenda Madina mwaka 622, watu waliokuwa wakimfanyia uadui walikuwa bado wameweka amana zao kwake. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili azirejeshe kwa wenyewe, kila moja kwa mwenye nayo. Aliwezaje Ali kufanya hivyo? Kwa sababu ilijulikana kipi ni cha nani. Siku ya kuondoka kwetu haitatupa muda wa kueleza. Ndugu msomaji, jioni ya leo baada ya isha, kabla watoto hawajaifungua kompyuta, keti na karatasi moja na kalamu, na uanze kuandika orodha yako. Kisha ubadilishe ile nywila ambayo kila mtu nyumbani anaijua.

Allah atuhifadhie mali zetu, atukinge na haramu, na atujaalie kuwa walinzi wema na wajuzi wa alivyotukabidhi. Amin.